UZI: Ukiambiwa unaingia thieta kutiwa chuma mguuni, haya ndiyo madaktari wanayokutayarishia, na haya usiyafiche (Malindi, Lamu, Pwani yote)

NesiWaMalindi (mwenye uzi)

Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Mimi nafanya kazi wodi ya upasuaji huku Malindi miaka mingi sasa, na nimeamua kuandika manake kila wiki naona ugomvi ni ule ule. Mgonjwa kashinda na njaa tangu usiku kisha saa nne asubuhi anaambiwa leo hapasuliwi, au mzee kavunjika nyonga siku ya tatu hajaingia thieta na wanawe wanaona kasahauliwa. Mara nyengine uzembe upo, hilo silikatai. Lakini mara nyingi kuna sababu na hakuna mtu aliyekaa chini akawaeleza wenyewe, basi leo naeleza mimi, na mwenye swali aulize.

Operesheni ya mifupa ina jambo lake. Daktari anaacha kitu ndani: pleti na skrubu, msumari mrefu katikati ya mfupa wa paja, au nyonga nzima ya bandia. Vijidudu vikishika pale juu ya chuma dawa haivifikii vizuri, na mara nyingi mwisho wake ni kurudi thieta kukitoa na kuanza upya. Ndio maana kwa operesheni ya kupangwa daktari akikuta una kidonda kinachotoa usaha, hata kiwe mguu mwengine, au jino limeoza limevimba, au unaungua ukienda haja ndogo, anakurudisha kwanza utibiwe. Sio kukuchelewesha, anaogopa chuma chako kioze. Na kama ulidungwa sindano ya stiroidi ndani ya goti au nyonga kwa ajili ya maumivu, sema ni lini, kwa sababu kiungo cha bandia mara nyingi husubirishwa kama miezi 3 baada ya sindano hiyo.

Na wembe. Jamani, wembe! Tunaletewa mgonjwa kanyolewa mguu mzima nyumbani usiku na familia inaona imesaidia kazi. Wembe unaacha mikwaruzo midogo ambayo huioni kwa macho na vijidudu vinaingia humo usiku kucha. Muongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unasema nywele ziachwe, na ikilazimika kuzitoa zikatwe kwa mashine, sio wembe. Wewe oga vizuri na sabuni usiku na asubuhi, vaa nguo safi, lala kwa shuka safi, bas.

Sasa njaa. Watu wanadhani ni ukali wa manesi. Ukitiwa dawa ya usingizi misuli yote inalegea, pamoja na ile inayozuia chakula kurudi kooni, chakula kikipanda kinaingia mapafuni na mtu anaweza kufa kwa chai na mahamri. Kwa mtu mzima chakula ni saa 6 kabla, na maziwa yanahesabiwa chakula, hivo chai ya maziwa ni chakula! Maji matupu, chai ya rangi au kahawa tungu unaweza kunywa hadi saa 2 kabla. Kwa hivyo ukipangwa saa mbili asubuhi, mwisho wa kula ni saa nane ya usiku na maji hadi saa kumi na mbili alfajiri. Hii ya mzee wa miaka themanini kunyimwa hata tone la maji tangu magharibi sio sawa, anaingia thieta kakauka na presha inamshuka. Muulizeni mtu wa dawa ya usingizi, mnayo haki ya kuuliza: mwisho wa maji ni saa ngapi?

Na hapa ndipo nilipotaka kufika hasa. Kati ya watu wote watakaokuja kitandani kwako kabla ya operesheni, usimdanganye yule wa dawa ya usingizi. Atakwambia fungua mdomo, toa ulimi, inua shingo, anaangalia mpira utapita vipi kooni. Atauliza meno ya bandia, pumu, kama ulishawahi kulazwa na nusu kaputi na ukapata taabu, kama kuna mtu wa familia yenu aliwahi kupata shida na dawa ya usingizi. Atauliza unatumia nini, na hapo watu ndio wanaficha. Sigara, muguka (majani ya kutafuna kama miraa), unga (heroini), tembo la mnazi, dawa za mitishamba, dawa za maumivu za kununua kwa vibahasha. Haulizi ili akuhukumu. Anapiga hesabu ya dawa atakazokutia na kiasi gani.

---

MjaWaAmu

Waleikum salaam dadangu, Mola akujazi heri. Swali langu ni hili. Nyanyangu ana sabini na kitu, kateleza kwenye ngazi za nyumbani huku Amu (Lamu mjini), mguu ukawa mfupi na umepinduka nje, tukampakia boti mpaka Mokowe, upande wa bara, kisha ambulansi mpaka hospitali ya mbali. Sasa yuko wodini wamemfunga bendeji mguuni na kamba na mzigo unaning'inia mwisho wa kitanda, siku ya pili leo. Ana presha na moyo, anatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Huu mzigo ndio matibabu? Na kwani hawampasui?

---

NesiWaMalindi

Pole sana kakangu, mpe salamu nyanya. Huo mzigo sio matibabu yenyewe kwa mtu mzima wa umri huo, ni wa kupunguza maumivu na kuzuia misuli isivute mfupa wakati anasubiri. Kwa nyonga ya mzee lengo ni aingie thieta mapema, ndani ya siku moja na nusu mpaka mbili ikiwezekana, manake kila siku anayolala chali ndio nimonia inamkaribia, na vidonda vya mgongo, na damu kuganda miguuni, na kuchanganyikiwa akili. Kwa hivyo hapo una haki kabisa ya kuuliza kila asubuhi: kinachosubiriwa ni nini hasa?

Kwake yeye jibu huenda likawa hiyo dawa ya damu. Kama ni wafarini, kwa operesheni ya kupangwa huachwa siku 5 kabla, lakini kwa mfupa uliovunjika hawawezi kukaa siku zote hizo, wanapima damu inavyoganda na wanaweza kumpa vitamini K kuharakisha. Kama ni klopidogreli ni habari nyengine, na aspirini mara nyingi haizuii. Kwa hivyo peleka vidonge vyenyewe na paketi zake, usiende na maneno "kidonge cheupe kidogo". Na huwezi kumdunga mtu sindano ya mgongo huku damu yake haigandi, inaweza kuvuja ndani ya uti wa mgongo ikabana mishipa na miguu ikapooza.

Muangalie visigino na makalio kila siku, ngozi ikianza wekundu mwambie nesi. Mfanye apige pumzi kubwa kubwa na achezeshe nyayo juu chini, ule mguu mzima na hata huu, kadiri anavyoweza. Na maumivu yatibiwe, asiambiwe avumilie.

---

Kijana_wa_Boda_Watamu

Mie nilivunja muundi, pikipiki ilinilalia. Nililazwa karibu wiki mbili nikiangalia dari, kila siku daktari anakuja anaminya mguu anasema bado. Nilikasirika sana wallahi. Hivi walikuwa wanangoja nini?

---

NesiWaMalindi

Walikuwa wanangoja uvimbe, mdogo wangu. Muundi hasa ule wa karibu na goti au na kifundo ukivunjika kwa kishindo kikubwa ngozi inavutika kama ngoma, inaota malengelenge ya maji. Daktari akikata hapo ngozi haifungiki tena, inakufa, na chuma kinabaki wazi. Anangoja mpaka ngozi ianze kufanya mikunjo ukiikunja, huwa siku 7 mpaka 14 hivi. Kuna wakati wanafunga fremu ya vyuma kwa nje kwanza ili mfupa utulie huku uvimbe unashuka. Kazi yako kipindi hicho ni kuinua mguu juu ya mto, na kutovuta sigara.

---

FundiMtaa

Nyinyi watu wa hospitali mnapenda kutisha. Huku kwetu tuna wazee wanaunga mifupa tangu enzi za mababu, mtu anafungwa mianzi na dawa, wiki sita anatembea. Hakuna njaa wala chuma. Mie mwenyewe mkono wangu uliungwa na mzee wa Takaungu na nalima nao mpaka leo.

---

NesiWaMalindi

Shekhe wangu sitawadharau hao wazee, mfupa wa mkono uliopasuka bila kuhama kweli unaunga ukitulizwa tu, hata hospitali tungekufunga plasta na kukupeleka nyumbani. Shida ni ile mianzi ikikazwa juu ya mguu unaovimba. Uvimbe hauna pa kwenda, damu inakatika, na ndani ya saa chache misuli inaanza kufa. Nimepokea mtoto mkono mweusi mpaka kiwiko na hakukuwa na la kufanya ila kukata. Mtoto wa shule. Siwezi kulisahau lile jambo na siwezi kulinyamazia humu.

Kwa hivyo aliyefungwa popote pale, kwa mzee au plasta ya hospitali, vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, vikigeuka rangi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua na ukimnyoosha vidole analia, fungua hicho kitu sasa hivi na umkimbize hospitali. Usingoje asubuhi.

Na mfupa uliotoboa ngozi haufungwi nyumbani kabisa. Funika na kitambaa safi, usitie kahawa, majivu wala dawa ya meno, mtulize mguu kwa ubao kabla ya kumuingiza kwenye boti au tuktuk, na mkimbilie antibayotiki na sindano ya pepopunda haraka iwezekanavyo. Hiyo antibayotiki ya mapema ina faida kubwa sana kuzuia mfupa usioze.

---

DawaYaUsingizi

Nimeona nesi ametutaja nami niongeze, mimi kazi yangu ndio hiyo hiyo ya kulaza watu, hospitali mojawapo ya Pwani.

Muguka na miraa kwanza. Vina kichocheo kinachopandisha presha na mapigo ya moyo. Kijana anakuja mashavu yamejaa hadi mlango wa hospitali, moyo unaenda mbio mia na thelathini, namuuliza anasema hatumii. Sasa mimi nitajuaje kama ni maumivu, kama anapoteza damu ndani, au ni muguka? Sema tu. Tutakusubirisha, hatukufukuzi.

Wanaotumia unga wasikie pia, huku Malindi na Lamu tunawajua ni ndugu zetu na wanetu. Aliye kwenye methadoni, ile dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, asiiache kwa sababu ya operesheni, aendelee na dozi yake na atuambie kiasi gani anapewa. Akificha, dawa zetu za maumivu za kawaida hazimshiki, anaumia vibaya mno, au anaanza arosto (taabu ya mwili kukosa unga) kitandani na watu wanadhani ni wazimu. Na mgema aliyeanguka mnazi ambaye hunywa tembo kila siku, familia ituambie siku ya kwanza, manake siku ya pili ya tatu bila pombe anaanza kutetemeka, kuona vitu, hata kifafa, na kuna dawa za kuzuia hayo tukijua mapema.

Presha: vidonge vingi vya presha unaendelea navyo asubuhi ya operesheni na funda la maji, lakini vile ambavyo jina linaishia na "pril" au "sartan" mara nyingi tunaviacha siku hiyo kwa sababu presha inaweza kuporomoka ukilala. Kwa operesheni ya kupangwa, presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi tunaahirisha tuishushe kwanza. Sukari: asubuhi ya operesheni vidonge huachwa na tunapima kidole mara kwa mara, insulini usiiache wala usijidunge kwa mazoea, tutakupangia. Kuna hivi vidonge vipya vinavyoishia "gliflozini", hivyo vinaachwa siku 3 au zaidi kabla, manake vinaweza kuleta asidi kwenye damu hata kama sukari inaonekana nzuri. Na kwa goti au nyonga ya bandia madaktari wengi wanataka kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kiwe chini ya asilimia 8, kwa sababu sukari ya juu na usaha ni marafiki.

Mitishamba ya kitunguu saumu na tangawizi ya kunywa kwa wingi kila siku iacheni kama wiki mbili kabla, inaweza kuzidisha kutoka damu. Sio ile ya kwenye mchuzi, naongelea wanaokunywa kama dawa.

---

Bi_Arusi_wa_Shela

Samahani na mimi niulize, nimeolewa majuzi nina piko na hina mikono yote mpaka viwiko na miguu, na nimepangiwa operesheni ya kifundo. Nesi mmoja kanambia nitoe. Hina haitoki! Nifanyeje?

---

DawaYaUsingizi

Hongera dadangu, Mungu awajaalie. Usijikwaruze. Tatizo ni ile mashine tunayobana kidoleni kupima oksijeni, inapitisha mwanga kwenye kidole, na piko nyeusi inaweza kuuzuia mashine isisome kabisa. Hina nyekundu haisumbui sana. Rangi ya kucha toa yote. Kama kuna kidole kimoja hakina piko kwenye ncha kinatosha, na hakuna hata kimoja tutabana sikioni. Tujulishe tu kabla, tusianze kuhangaika ushalala. Pete, bangili, kipini na vikuku viachie mama nyumbani, mkono ukivimba pete inakuwa ya kukatwa na msumeno. Na hirizi pia, wengine wanaona vibaya kuivua, lakini iliyo kwenye mguu unaopasuliwa haiwezi kuingia thieta, mkabidhi mtu wako akae nayo.

---

MamaWaSikoseli

Mwanangu ana miaka 19, ana sikoseli (selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi), kichwa cha nyonga kimesagika anachechemea kwa maumivu usiku na mchana. Daktari kasema inahitaji nyonga ya bandia lakini ameandika vipimo vingi na kuongezwa damu kwanza. Naogopa, wenzangu wananambia mtoto wa sikoseli hapasuliwi, atafia huko.

---

NesiWaMalindi

Mamake, pole na safari ndefu. Wanapasuliwa na wanatoka wazima, ila matayarisho yao ni makubwa kuliko ya mtu mwengine na ndio hayo umeandikiwa. Hiyo nyonga kusagika ni sikoseli yenyewe, zile chembe zinaziba vijishipa vinavyolisha kichwa cha mfupa nacho kinakufa.

Kabla ya thieta mambo matatu ndio adui: kukauka maji, baridi, na oksijeni kushuka. Kwa hivyo mwanao hafai kushinda na kiu, atatiwa maji ya mshipa mapema, ataingia na blanketi manake thieta ina eisii kali, na huwa tunapendelea awe wa kwanza kwenye listi. Damu mara nyingi huongezwa mpaka kiwango cha himoglobini kifike kama 10, na ukumbushe kama ashawahi kuongezwa damu huko nyuma kwa sababu kupata damu inayomlingana kunakuwa kugumu zaidi, maabara inahitaji muda. Akiwa na homa au maumivu ya sikoseli siku hiyo, operesheni inaahirishwa, msikasirike.

Nawaambia na wengine: ukanda huu wetu wa Pwani sikoseli ni nyingi kwa sababu ya historia ya malaria, kuna watu wazima hawajui hata kama wanayo. Wakisema wanataka kupima sikoseli kabla ya kukulaza usione wanakutafutia gharama. Hata ule mpira wa kubana paja ili damu isitoke wakati wa upasuaji, daktari anafikiria mara mbili kuutumia kwa mwenye nayo.

---

MjaWaAmu

Shukran sana nesi, nimeuliza leo asubuhi kama ulivonambia. Kumbe walikuwa wanangoja majibu ya damu inavyoganda na painti mbili za damu. Damu ndio hakuna, wametuambia familia tutoe. Hii damu nikitoa mie inaenda kwake moja kwa moja? Na kwani nyonga inamwaga damu yote hiyo?

---

NesiWaMalindi

Mtu mzima ana kama lita 5 za damu mwilini. Mfupa wa paja ukivunjika katikati bila hata ngozi kupasuka, lita moja mpaka moja na nusu inaweza kumwagikia ndani ya paja na huioni kwa macho. Nyonga sio nyingi hivo, lakini mzee mwenye moyo dhaifu hana akiba, na operesheni nayo inatoa yake. Damu yako huenda isiende kwake wewe, inaingia benki na yeye anapewa inayomlingana iliyopimwa. Damu haiuzwi, mtu akikuomba pesa ya painti ya damu muulize risiti na umripoti. Mwanamume anaweza kutoa kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4, uwe na kilo 50 kwenda juu. Vijana wa mtaani nendeni hata kama huna mgonjwa.

---

Kijana_wa_Boda_Watamu

Mie kilichonishangaza daktari alikuja asubuhi na kalamu akachora mshale mkubwa juu ya mguu wangu uliovunjika akatia na sahihi. Nikamuuliza kwani hauonekani ulivovimba? Kisha ndani kila mtu ananiuliza jina langu na mguu gani, mpaka nikaona hawa hawajui wanafanya nini.

---

DawaYaUsingizi

Hao ndio wanaojua wanafanya nini! Wasiokuuliza ndio wa kuwaogopa. Mwaka 2018 Nairobi hospitali kubwa kabisa mgonjwa alipasuliwa kichwa kumbe siye, nchi nzima ilisikia. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha mwaka 2008, ina vipengele 19, inasomwa kwa sauti mara tatu: kabla hujalazwa, kabla ya kisu, na kabla hujatoka. Jina, operesheni gani, upande gani, una mzio wa dawa gani, damu ipo, antibayotiki imetiwa ndani ya saa moja iliyopita. Ilijaribiwa hospitali 8 duniani na mojawapo ilikuwa ya jirani zetu hapa, Ifakara, Tanzania. Matokeo yalitoka 2009, vifo vilishuka kutoka 1.5 kwa kila wagonjwa mia mpaka 0.8. Kwa kusoma karatasi na kuulizana tu.

Kwa hivyo ukiulizwa jina mara ya tano jibu mara ya tano. Na mshale ukae upande sahihi, wewe ukiwa macho, ukiona umechorwa ule mguu usio na tatizo piga kelele.

Na kuhusu sindano ya mgongo, kabla hamjauliza: haileti maumivu ya mgongo ya maisha. Wengine hupata kichwa siku chache, kuna dawa. Miguu inalala saa chache kisha inaamka. Kwa nyonga na mguu mara nyingi ni nzuri sana, uko macho, unapumua mwenyewe, na ukitoka maumivu hayakuvamii mara moja. Lakini mtu akisema hataki kusikia nyundo na drili, aseme, tunaweza kumpa usingizi mwepesi juu yake.

---

Mwalimu_Mstaafu_Lamu

Mimi niliwekewa nyonga ya bandia na nataka kuzungumzia kitu ambacho naona kimeachwa, nyumba. Mtaalamu wa mazoezi aliniita kabla ya operesheni akanifundisha kutembea na magongo nikiwa bado nina miguu yangu, kupanda ngazi mguu mzima ukitangulia na kushuka ule mbovu ukitangulia, na kukaza msuli wa paja kitandani. Nilipotoka thieta nilikuwa nishajua, sikuanza kujifunza na maumivu juu.

Kisha akaniuliza nyumba yako ikoje. Watu wa Amu mnajua nyumba zetu, ngazi nyembamba zimesimama wima na vyumba vya kulala viko juu. Nikahamishiwa chini ukumbini kabla sijaenda hospitali. Choo chetu cha kuchuchumaa, na mwenye nyonga mpya hachuchumai, goti lisipande juu kuliko nyonga la sivyo inaweza kuchomoka. Fundi akatengeneza kiti cha mbao kilichotobolewa kikawekwa juu ya tundu. Mikeka na mazulia yanayoteleza yakakunjwa. Bibi yangu nae kama angepasuliwa yeye angekatazwa kukalia mbuzi kukuna nazi kwa miezi, na hata vibao vifupi vya jikoni. Kuswali ni kwa kiti, na anayefungwa plasta anapangusa juu yake kwa maji wakati wa udhu, mashekhe wetu wameshalieleza hilo. Haya yote yafanyeni mgonjwa hajatoka nyumbani, sio siku ya kurudi watu wanambeba ngazini na kitanda.

---

NesiWaMalindi

Mwalimu, Mungu akupe umri. Haya naomba kila mtu ayasome mara mbili.

---

FundiMtaa

Sawa nesi nimekusikia la mianzi. Swali la dhati sasa. Babangu kapewa fomu atie sahihi na haisomi, ya Kizungu, daktari kapita haraka haraka. Akitia ndio kauza haki yake? Na SHA, hii bima ya afya ya serikali, inalipa?

---

NesiWaMalindi

Asitie mpaka aelewe. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inampa haki ya kuelezwa ugonjwa wake, matibabu, hatari zake, njia nyengine zilizopo, na gharama, kwa lugha anayoielewa. Aulize: nisipopasuliwa itakuwaje? Chuma kitatolewa baadae au kinabaki? Nitakanyaga lini? Anayenipasua ni nani? Sahihi haiuzi haki, na anaweza kubadilisha mawazo hata ashatia. Mwambieni daktari kwa heshima, "tunaomba utueleze kwa Kiswahili," na kama yeye hawezi nesi yeyote atafasiri.

SHA ilichukua nafasi ya ile bima ya zamani, NHIF, tangu 1 Oktoba 2024. Mhakikishe amesajiliwa na mchango umelipwa kabla hajalazwa, na ofisi ya hospitali iombe kibali cha operesheni mapema, manake hicho kibali kikichelewa listi inampita. Ulizeni wazi bei ya chuma, kuna mahali familia inaambiwa inunue pleti nje, basi mjue siku ya kwanza sio usiku wa kuamkia thieta.

---

MamaWaSikoseli

Nesi na la mwisho kwangu, ikiangukia Ramadhani? Mwanangu anapenda kufunga na daktari ametaja tarehe za mwezi huo.

---

NesiWaMalindi

Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga akalipa baadae, na kwa sikoseli kukaa bila maji mchana kutwa kabla ya operesheni ni hatari kabisa, zungumzeni na daktari na shekhe wenu mapema asione analazimishwa. Na daku ni chakula, akila saa kumi na nusu alfajiri hawezi kulazwa saa mbili asubuhi. Muombe daktari kama inaweza kusogezwa baada ya Idi, nyonga iliyosagika taratibu inaweza kungoja wiki chache, sio sawa na iliyovunjika. Huku mnangoja apewe dawa nzuri za maumivu, ale vizuri, na kadi yake ya kliniki ya sikoseli na majibu ya damu ya zamani viwekwe kwenye mfuko mmoja pamoja na dawa zake zote. Ukipata tarehe niandikie inboksi nikwambie umuulizie nani.